Jinsi Sotoka Ilivyokwisha: Habari za Kazi Iliyofungwa Mara Mbili

Katika kitabu cha jubilei watu hutazamia kusoma habari za majengo, na shule, na wazee waliotutangulia. Na habari hizo zimo katika kurasa nyingine. Sisi tumepewa nafasi ya kueleza historia ya nchi, nasi tumechagua habari za ng'ombe. Labda mtu atauliza, Ng'ombe wana nini na jubilei? Twamjibu hivi: jubilei ni wakati wa kuhesabu kazi, na kusema, Hii imekwisha, na ile bado. Na katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki twaona kazi moja iliyowafundisha watu kwa uchungu mwingi namna ya kusema neno hilo, "imekwisha." Ndiyo kazi ya kuuondoa ugonjwa wa sotoka.

Kazi hiyo ilifungwa mara mbili. Mara ya kwanza, katika mwaka wa 1976, ilifungwa kabla ya wakati wake, na ugonjwa ukarudi. Mara ya pili, katika mwaka wa 2011, ilifungwa kwa ushahidi, na tangu hapo hakuna ng'ombe yeyote duniani aliyeonekana kuugua sotoka. Tofauti ya kufunga kule na kufunga huku ndiyo tunayotaka kuwaeleza walimu na wasomaji wote, kwa kuwa kila mtu aliyepata kuanza kazi hana budi kujua namna ya kuimaliza.

UGONJWA WENYEWE

Sotoka ilikuwa ugonjwa wa ng'ombe na wa wanyama wa porini walio kama jamaa zao: nyati, na pofu, na tandala, na twiga, hata ngiri. Mwanadamu hakuupata. Mnyama aliyeshikwa alianza kwa homa, akaacha kula. Macho yakatoa machozi, na pua ikatoa kamasi nzito. Kinywani vikatokea vidonda. Kisha akaharisha kwa nguvu mpaka maji ya mwili yakamwishia, na baada ya siku chache akafa. Katika kundi lisilopata kuuona ugonjwa huo zamani, ng'ombe tisa katika kumi waliweza kufa.

Lakini yalikuwako mambo mawili ya faraja, na msomaji ayashike moyoni, maana bila hayo kazi isingaliwezekana. La kwanza, mnyama aliyepona hakuugua tena maisha yake yote. La pili, kijidudu cha sotoka, ambacho ni jamaa ya kijidudu cha surua ya watoto, hakikuweza kuishi siku nyingi nje ya mwili wa mnyama. Hakikukaa udongoni kama kimeta, wala hakikuchukuliwa na kupe kama ndigana. Kilipita katika pumzi na mate ya huyu kwenda kwa yule aliye karibu naye. Kwa hiyo sotoka haikuwa na maficho ila ndani ya wanyama walio hai. Na kama wanyama wote wangalikuwa na kinga kwa wakati mmoja, ingalikosa pa kukaa.

MIAKA YA BALAA

Ugonjwa huu ulijulikana Asia na Ulaya tangu zamani sana. Shule ya kwanza ya kufundisha waganga wa wanyama, iliyofunguliwa Lyon katika nchi ya Ufaransa mwaka 1761, ilianzishwa kwa sehemu kubwa kwa sababu ya hofu ya sotoka. Katika Afrika iliyo kusini ya jangwa la Sahara haukuenea mpaka miaka ya 1887 na 1888, ulipoingia kwa bandari ya Massawa pamoja na ng'ombe walioletwa kwa ajili ya jeshi la Waitalia. Kutoka huko ukapanda Ethiopia. Ng'ombe wa kulimia wakafa, mashamba yakakaa bila kulimwa, ikawa njaa kubwa iliyodumu mpaka mwaka 1892. Wanahistoria wengi hukisia kuwa watu wa nchi ile walikufa theluthi nzima.

Kabla ya mwaka 1891 kwisha, sotoka ilikuwa imefika katika nchi ya Wamasai na kuvuka kwenda pande za Tanganyika. Wamasai huziita nyakati zile Emutai, yaani kumalizwa kabisa. Maana ugonjwa wa mapafu ya ng'ombe ulikuwa umewapata kwanza, kisha ikaja sotoka, kisha ndui kwa watu wenyewe. Msafiri Oscar Baumann, aliyepita nchi ile mwaka 1892, aliandika habari za watu waliokuwa wamebaki mifupa mitupu, wakitafuta chakula karibu na kambi za wageni. Baada ya hapo ugonjwa ukashuka kusini. Mwaka 1896 ukavuka mto Zambezi, na mwaka 1897 ukawa umefika nchi za Rasi, ingawa serikali za huko zilipiga ng'ombe wengi kwa bunduki na kujenga ua wa waya wa maili nyingi ili kuuzuia.

Hasara haikuishia kwa ng'ombe. Kwa wafugaji, ng'ombe ni maziwa ya mtoto, ni mahari ya kijana, ni dhamana ya urafiki kati ya koo na koo. Walipokufa, mashauri mengi ya watu yalivunjika pamoja nao. Tena malisho yalipokosa wa kuyala, vichaka vikaota, na mbung'o wakaenea mahali ambapo zamani palikuwa na mazizi. Wageni waliokuja baadaye wakaona nchi tupu, wakadhani imekuwa hivyo siku zote. Sehemu nyingine zikatengwa kuwa mbuga za wanyama, nazo zilikuwa nchi za watu waliokuwa wamepata msiba tu. Ndiyo maana twasema kwamba habari za sotoka si habari za zizi peke yake. Ni habari za nchi nzima.

DAWA YA MUGUGA

Kwa muda wa miaka sitini na zaidi serikali zilipigana na ugonjwa kwa njia mbalimbali: kuzuia ng'ombe wasitembee, kuwachanja kwa damu na maji ya damu, na baadaye kwa dawa iliyotengenezwa kwa kupitisha kijidudu katika mbuzi. Dawa hizo zilisaidia, lakini nyingine zilikuwa kali, hata ng'ombe wa namna fulani waliugua kwa kuchanjwa.

Njia mpya ilifunguliwa Muguga, karibu na Nairobi. Hapo mganga wa wanyama Walter Plowright na wenzake walichukua kijidudu cha sotoka kilichokuwa kimetunzwa tangu zamani huko Kabete, wakakiotesha katika chembe za figo ya ndama ndani ya vyombo vya kioo, wakakihamisha chombo hata chombo karibu mara tisini. Kikawa kimepoteza ukali wake wala hakikupoteza uwezo wa kufundisha mwili kujikinga. Ng'ombe aliyechanjwa mara moja kwa dawa hii alipata kinga ya maisha. Ilikuwa rahisi kwa gharama, wala haikumdhuru hata ndama. Habari zake zilitangazwa mwaka 1962, na mwaka 1999 Plowright alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia kwa ajili ya kazi hiyo.

Mara watu wakaona kwamba jambo lililokuwa ndoto laweza kuwa kazi. Mwaka uo huo wa 1962 serikali za Afrika, pamoja na wafadhili wa Ulaya na Marekani, zilianza shauri kubwa lililoitwa Mradi wa Pamoja wa 15. Lilianza katika nchi zinazozunguka Ziwa Chad, likaenea magharibi, kisha likaja mashariki. Kanuni yake ilikuwa nyepesi kuisema: ng'ombe wote wachanjwe kila mwaka kwa miaka mitatu mfululizo, baada ya hapo kila serikali ichanje ndama wake yenyewe mwaka kwa mwaka. Nchi 22 ziliingia katika kazi hiyo. Makundi yalikusanywa penye visima na penye minada, wachanjaji wakafanya kazi tangu alfajiri kabla ya jua kuiharibu dawa, na makumi ya milioni ya ng'ombe wakachanjwa.

KUFUNGWA KWA KWANZA

Matunda yalionekana upesi. Nchi moja baada ya nyingine ilileta taarifa kwamba sotoka haionekani. Ilipofika mwaka 1976, ugonjwa ulikuwa umebaki katika pembe chache tu: huko mpakani mwa Mali na Mauritania, na upande wa Sudan na Ethiopia. Basi mradi ukafungwa. Hesabu za fedha zikakamilishwa, taarifa zikaandikwa, wachanjaji wakatawanyika kwenda kazi nyingine.

Msomaji asidhani kwamba watu wale walikuwa wavivu au wadanganyifu. La, walikuwa wamefanya kazi ambayo haijapata kufanywa kabla yao. Lakini tukiangalia vizuri tutaona mambo matatu yaliyokosekana katika kufunga kule.

Kwanza, walihesabu ng'ombe waliochanjwa, wala hawakuhesabu sana ng'ombe waliopata kinga. Kuchanja na kukinga si kitu kimoja; dawa iliyopigwa na jua humwingia ng'ombe kama maji tu. Pili, kazi ya kuchanja ndama iliachwa mikononi mwa serikali zisizo na fedha ya kutosha kwa kazi hiyo. Mradi ulikuwa na magari na mafuta na barafu. Mradi ulipokwisha, magari yakachakaa, na ndama waliozaliwa mwaka hata mwaka wakakua bila kinga. Tatu, zile pembe chache zilizobaki zilidhaniwa kuwa jambo dogo. Wazee wetu walisema, Mdharau mwiba mguu huota tende. Ugonjwa usio na maficho ila ndani ya mnyama aliye hai ulikuwa umeachiwa wanyama walio hai.

Kwa maneno mengine, walifunga daftari, hawakufunga ugonjwa. Kusema "haionekani" ni habari ya macho ya mtu. Kusema "haipo" ni habari ya nchi. Katika mwaka wa 1976 habari ya kwanza ilichukuliwa kana kwamba ni ya pili.

UGONJWA WARUDI

Haikupita miaka mingi. Tangu mwaka 1979 na kuendelea sotoka ilianza kuinuka tena, na katika miaka ya kwanza ya 1980 ikatapakaa kutoka magharibi hata mashariki ya Afrika. Katika Nigeria ng'ombe walikufa kwa mamia ya maelfu. Mwaka 1982 ilionekana kaskazini ya Tanzania, hata nyati wa Serengeti wakashikwa. Wafugaji waliokuwa wameambiwa kwamba ugonjwa umekwisha waliona dalili zile zile walizosimuliwa na babu zao.

Hasara hii ya pili ilikuwa chungu kuliko ya kwanza kwa njia moja. Balaa ya mwaka 1890 ilitoka mbali, hakuna aliyeweza kuizuia. Lakini hii ilitoka katika masalio ya kazi isiyomalizwa. Tena ilileta hasara nyingine isiyoandikwa katika hesabu, nayo ni kupungua kwa imani. Mtu aliyeambiwa mara moja "imekwisha," akaona haikwisha, hataamini upesi akiambiwa mara ya pili. Na hakuna chanjo inayoweza kufanywa bila mwenye ng'ombe kukubali kumleta ng'ombe wake.

KAZI YAANZA UPYA

Mwaka 1986 shauri jipya lilianzishwa kwa ajili ya Afrika nzima, likiongozwa kutoka Nairobi na ofisi ya mifugo ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kwa msaada mkubwa wa nchi za Ulaya. Nchi zaidi ya 30 ziliingia. Safari hii watu hawakuridhika kuhesabu sindano. Walirudi kwa makundi yaliyochanjwa, wakatoa damu ya ng'ombe wachache, wakaipima kuona kama kinga imo. Palipoonekana upungufu, walirudia.

Tena walijifunza kuwategemea wafugaji wenyewe. Kulikuwa na nchi ambazo gari la serikali halikuweza kufika, kwa ajili ya jangwa au kwa ajili ya vita: nchi ya Waafar huko Ethiopia, na kusini ya Sudan, na Karamoja. Karibu na mwaka 1990 mtaalamu Jeffrey Mariner na wenzake walikuwa wamepata njia ya kuikausha dawa ya Plowright vizuri zaidi, hata ikaweza kukaa karibu mwezi mmoja bila barafu. Basi vijana wa wafugaji walichaguliwa na wazee wao, wakafundishwa kuchanja, wakapewa dawa, wakaenda kwa miguu pamoja na makundi yao. Mambo waliyoshindwa mabwana wenye magari, hao waliyaweza. Katika nchi ya Waafar sotoka ilionekana mara ya mwisho mwaka 1995; katika Sudan mwaka 1998.

Wafugaji walisaidia kwa njia nyingine pia. Wao ndio waliojua njia za malisho, na mwezi gani kundi la huyu hukutana na kundi la yule, na kisima gani hunywesha watu wa nchi mbili. Wana majina ya magonjwa kwa lugha zao, na kila jina lina dalili zake. Wataalamu walijifunza kuketi na wazee na kuuliza, Je, ugonjwa wa namna hii mliuona lini mara ya mwisho? Na majibu yao yaliongoza upelelezi kuliko ramani za ofisini.

Hata hivyo kazi ilikuwa na mitego. Katika miaka ya 1994 na 1995 nyati na tandala wengi walikufa katika mbuga ya Tsavo huko Kenya, na mwaka 1996 ugonjwa ukaonekana katika mbuga ya Nairobi. Mwanzoni mwa mwaka 1997 ulivuka mpaka ukaingia kaskazini ya Tanzania, nao ng'ombe wa huko wakachanjwa upesi. Ajabu yake ni kwamba aina hiyo ya sotoka ilikuwa imekuwa pole kwa ng'ombe. Ng'ombe aliugua kidogo, akapona, mwenyewe asijue. Lakini nyati alipofuka macho na kufa. Kwa hiyo wanyama wa porini wakawa mashahidi. Aliyetaka kujua kama sotoka imejificha katika makundi ya wafugaji ilimpasa kutazama damu ya nyati.

KUWEKA NGAO CHINI

Sasa twafikia jambo ambalo ndilo kiini cha habari hii. Baada ya kuchanja kwa miaka mingi, utajuaje kwamba ugonjwa umekwisha?

Mtu atasema, Pima damu. Lakini damu ya ng'ombe aliyechanjwa na damu ya ng'ombe aliyeugua akapona zina alama moja. Kipimo hakiwezi kuzitenga. Maadamu watu wanaendelea kuchanja, chanjo yenyewe hufunika nyayo za ugonjwa. Hata kama sotoka imekwisha kabisa, hutajua. Na kama imejificha, hutajua pia.

Kwa hiyo wataalamu waliokutana Paris mwaka 1989 walitengeneza njia yenye hatua, na hatua yake ya kwanza iliwatisha wengi: acheni kuchanja. Nchi iache kuchanja, itangaze mbele ya mataifa yote kwamba imeacha, kisha ikae miaka ikitazama. Ndama waliozaliwa baada ya siku ile hawana kinga. Wakishikwa, ugonjwa utaonekana wazi. Wasiposhikwa, damu yao itakuwa safi, nao watakuwa ushahidi. Ndipo watu walipita kijiji kwa kijiji, wakafungua vinywa vya ng'ombe kutazama meno na kujua umri, wakachagua wale waliozaliwa baada ya chanjo kusimama, wakatoa damu na kuipima. Nchi iliyothibitisha kwamba haina ugonjwa iliandikwa hivyo. Kisha ikapimwa tena kwa ukali zaidi, mpaka ikaandikwa kwamba haina hata kijidudu.

Wasomaji wafikiri jambo hili lilivyokuwa gumu. Waziri wa mifugo, au bwana mifugo wa wilaya, aliyewaona ng'ombe wakifa katika miaka ya 1980, aliambiwa aweke ngao chini ili ajue kama adui ameondoka. Kuendelea kuchanja kulionekana kuwa hekima na usalama. Wengine walichelewa, nao walikuwa na sababu. Lakini chanjo isiyo na mwisho ilikuwa namna nyingine ya kutomaliza kazi: fedha yatumika kila mwaka, watu wachoka, dawa yapunguzwa, na siku moja mambo yarudi kama yalivyokuwa baada ya 1976. Basi kazi hii yaweza kuharibika kwa njia mbili: kufungwa kabla ya wakati, au kuachwa wazi mpaka ikafa yenyewe kwa kuchoka. Njia iliyo katikati ya hizo mbili ni nyembamba, nayo yataka ushahidi pamoja na ujasiri.

KUFUNGWA KWA PILI

Mahali pa mwisho duniani ambapo sotoka ilionekana ni katika nyati wa mbuga ya Meru, nchini Kenya, mwaka 2001. Lakini hakuna aliyeruka kwa furaha mwaka ule, wala mwaka uliofuata. Miaka kumi ilipita. Katika miaka hiyo watu waliendelea kutafuta, na hasa katika nchi kame zinazounganisha kusini ya Somalia, na mashariki ya Kenya, na kusini-mashariki ya Ethiopia, ambako ugonjwa ule wa pole ulishukiwa kujificha. Walitafuta kitu ambacho walitumaini hawatakiona. Kazi ya namna hiyo haina sifa. Mtu hurudi nyumbani jioni na habari yake ni kwamba hakuona neno. Lakini maelfu ya habari za "hatukuona neno," zilizoandikwa kwa uaminifu, zenye tarehe na mahali, ndizo zilizofunga kazi.

Tarehe 25 Mei 2011, huko Paris, Shirika la Afya ya Wanyama Duniani lilitangaza kwamba nchi na maeneo yote 198 yaliyokuwa katika orodha hayana tena sotoka. Tarehe 28 Juni 2011, huko Roma, mkutano mkuu wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa ulithibitisha neno hilo mbele ya mataifa. Ndui ya wanadamu ilikuwa imetangazwa kwisha tarehe 8 Mei 1980. Sotoka ikawa ugonjwa wa pili katika historia kuondolewa duniani na mikono ya watu, na wa kwanza kwa upande wa wanyama. Na katika mbuga ya Meru ilisimamishwa sanamu ya nyati, ili wapitao wakumbuke.

YALIYOBAKI BAADA YA KUFUNGA

Mtu akidhani kwamba baada ya tangazo watu walikwenda kulala, amekosea. Kazi iliyofungwa vizuri huwa na masalio yake, nayo huandikwa. Kijidudu cha sotoka kilikuwa bado kimo katika chupa za maabara nyingi. Kwa hiyo nchi zilikubaliana kuharibu akiba hizo au kuzikusanya mahali pachache penye ulinzi. Mwaka 2019 maabara ya Pirbright huko Uingereza, iliyokuwa na akiba kubwa kuliko nyingine, iliziharibu sampuli zake zaidi ya 3,000 baada ya kuziandika tabia zake. Dawa ya chanjo yatunzwa, isije ikawa haja; na mojawapo ya mahali pa kuitunza ni kituo cha Umoja wa Afrika huko Debre Zeit, Ethiopia.

Tena iko kazi iliyozaliwa na hiyo. Yuko ugonjwa mwingine, ulio jamaa ya sotoka lakini si huo, unaoua mbuzi na kondoo. Kwa Kiswahili waitwa sotoka ya mbuzi na kondoo. Uliingia Kenya karibu na mwaka 2006 na Tanzania mwaka 2008, nao huwaumiza hasa maskini, maana mbuzi ndiye ng'ombe wa mtu asiye na ng'ombe. Mwaka 2015, katika mkutano wa Abidjan, mataifa yalikubaliana kujitahidi kuuondoa nao kabla ya mwaka 2030 kwisha. Watakaofanya kazi hiyo wanayo mbele yao mifano miwili, wa 1976 na wa 2011, nao wachague ni upi wataufuata.

NENO KWA WALIMU NA WASHARIKA

Sisi tulio katika madarasa na katika vijiji twajua jinsi kazi nyingi zinavyofungwa. Kamati hukutana, taarifa husomwa, wageni hupigiwa makofi, chakula huliwa, na kisima kilichochimbwa hukauka mwaka wa pili kwa kukosa mtu wa kukitengeneza. Hatusemi kwamba sherehe ni mbaya. Jubilei yenyewe ni sherehe. Twasema kwamba sherehe si ushahidi. Yafaa kuuliza maneno manne kabla ya kusema "imekwisha": Tumehesabu kazi, au tumehesabu matunda? Ni nani atakayeitunza kesho, naye ana kitu mkononi? Pembe iliyobaki iko wapi, na jina lake ni nini? Tena, tukiondoa mkono wetu leo, je, kitu kitasimama?

Swali hili la mwisho ndilo gumu, maana mtu hupenda kazi yake imhitaji daima. Lakini mwalimu mwema ni yule ambaye mwanafunzi wake aweza kusoma asipokuwapo. Waliokomesha sotoka walijulikana kuwa wameshinda siku ile sindano zao zilipobaki katika sanduku, na ndama wakakua.

Leo watoto wengi wa wafugaji hawajui neno sotoka ila kwa kusikia. Hawajaona ng'ombe wakilala mstari kandokando ya kisima. Kutokujua kwao ni heri. Ndiyo matunda ya kazi. Walakini twawaomba walimu wasiache neno lipotee. Waketi na wazee waliosalia, waulize walisikia nini kwa baba zao juu ya miaka ile, na waliona nini wenyewe katika miaka ya 1980. Wayaandike majina ya watu wa kijiji waliochukua chanjo kwa miguu, na ya wale waliotoa ng'ombe wao wapimwe damu. Maana majina hayo hayamo katika vitabu vya Roma wala vya Paris, na bila hao tangazo la 2011 lisingalikuwa na neno la kutangaza. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na waliouziba ufa huu wapasa kujulikana na wana wao.